Mizinga Kumi na Minne na Kibati Kimoja

Jumatatu, 2 Oktoba 1911. Kilakala.

Tangazo limesomwa sokoni. Msitu wote ulio juu ya mawe meupe ya mpaka ni wa serikali. Kuingia ni kwa malipo, kulala kwenye kambi ya juu ni kwa malipo, na atakayekamatwa bila ruhusa ni viboko hamsa ishirini. Isipokuwa wazima moto. Hao wanapewa kibati cha kuvaa shingoni, waingie na walale bure mwaka mzima. Vibati ni kumi tu.

Mizinga yangu kumi na minne imo humo. Niliichonga mwenyewe, nikaitundika mwenyewe, miaka tisa kabla ya hayo mawe. Sikuingia msitu wa mtu. Mpaka ndio ulioniruka. Na asali imeiva. Mvua ikitangulia kabla sijarina, nyuki wataila wenyewe.

Jumanne, 3 Oktoba.

Jirani yangu Mikidadi anacho kibati. Namba tisa. Kwenye moto wa mwezi uliopita alifika wa kumi na tano, niliwahesabu. Sita waliomtangulia walikwenda zao kuoga kabla majina hayajaandikwa. Mimi nilikuwa wa kumi na sita. Nami nilikwenda kuoga.

Leo kapita mlangoni kwangu mara nne, kifua mbele. Kaniuliza kama nina salamu kwa nyuki wangu, maana anapanda kutundika mizinga mipya ishirini. Ni mtani wangu, kukasirika haifai. Sikukasirika. Nilifunga mlango.

Nikamwendea Agustino, karani wa boma. Kasema kimebaki kibati kimoja, cha atakayefika wa kwanza kwenye moto ujao. Nikamwomba aandike jina langu kabisa, tuokoe muda. Kasema kwanza moto, mzee, jina baadaye.

Jumatano, 4 Oktoba.

Kutoka kwangu hadi mawe meupe, hatua 1,860. Kutoka kwa dada yangu Chausiku, hatua 240. Nimehamia kwa Chausiku na ndoo na gunia la kulowesha. Mke wangu Mwaisha kauliza nitarudi lini. Nikamwambia msitu ukiungua. Kasema Mungu apishie mbali. Nikaitikia amina, kwa sauti ndogo.

Alhamisi, 5 Oktoba.

Hakuna moto. Mawingu juu ya mlima Lupanga. Gunia limekauka mara tatu. Chausiku kasema mzima moto asiye na moto anaweza kuchambua maharage. Nimechambua vibaba viwili.

Ijumaa, 6 Oktoba.

Mawingu yameshuka. Zimebaki siku mbili, tatu.

Chausiku ana mabiwi matatu ya magugu yanayongoja kuchomwa. Moja liko karibu na mawe meupe. Kwetu moto wa kwanza wa shamba la ukoo huwashwa na mjomba wa watoto, na mjomba ni mimi. Chausiku hakutaka: upepo unapanda. Nikamwambia kwa jambo hili mjomba haulizi. Kasema haya, mjomba, basi yeye anaondoka na kuku wake.

Nimefyeka hatua saba kati ya biwi na msitu. Nimeacha ukanda mmoja wa nyasi, upana wa mkeka, ili moto upite kwa adabu.

Jumamosi, 7 Oktoba.

Umepita bila adabu.

Nilipiga gunia mara arobaini, kisha nikaacha kuhesabu, jambo ambalo sijawahi kufanya. Nikagonga debe, nikaita. Ndimi zilikuwa zimeshapanda mti wangu wa kwanza. Nilisikia mzinga ukipasuka. Wa pili. Hadi wa tano niliutambua kila mmoja kwa mahali ulipolilia. Kope za jicho la kushoto hazipo.

Wa pili kufika alikuwa Mikidadi. Alishuka mbio kutoka juu, akanivuta mguu nikiwa chini ya tawi linalowaka. Tawi likaanguka nilipokuwa. Kaniuliza kama leo pia nakwenda kuoga.

Watu sitini walikata njia ya moto hadi adhuhuri. Ukafia kijitoni. Mizinga iliyosalia: hakuna.

Jumapili, 8 Oktoba.

Namba kumi ni yangu. Agustino kauliza ilikuwaje nikafika kabla ya moshi. Nikasema macho yangu makali. Kaliandika na hilo, polepole mno.

Nimeingia msituni bure. Nimekaa kambi ya juu bure, nikala muhogo, nikatazama majivu.

Nyuki wangu wamehamia kwa Mikidadi, ng'ambo ya kijito. Mizinga kumi na mmoja kati ya ishirini inavuma, na juzi ilikuwa mitupu. Nimedai. Kasema niwaite kwa majina, watakaoitika niwachukue. Tukaenda kwa jumbe. Jumbe kakata shauri: nyuki ni wa mwenye mzinga. Huu ni wizi wa mchana.

Jumatatu, 9 Oktoba.

Mvua imeanza. Chausiku hasemi nami. Mwaisha anasema, afadhali asingesema.

Tangazo jingine sokoni. Daraja la magogo likichukuliwa na mto, atakayefika wa kwanza kuokoa watu atapewa ruhusa ya kutundika mizinga bure kwenye bustani ya boma, penye maua mwaka mzima.

Nimekwenda kulitazama. Limefungwa kwa kamba nne. Kwa hesabu yangu, mbili zinatosha.