Kilio Kigeni Nyumbani kwa Bibi Savriniso

Jongeeni, enyi mliowahi kubembeleza mtoto, mpate habari za asubuhi ile mgeni asiyealikwa alipoingia bila hodi nyumbani kwa Bibi Savriniso wa Istaravshan. Mgeni huyo alikuwa kilio.

Kilitoka katika gahvora, kitanda cha bembea alimofungwa Dilovar kwa mikanda, kifua hadi nyayo, kama ilivyo ada kwa mtoto asiyetimiza siku arobaini. Bibi yake, simba jike wa mtaa, mlezi asiyewahi kushindwa na kichanga, akapanga majeshi. Akatuma ziwa la mama, kilio kikalitema. Akatuma bembea, kikaipanda kama farasi. Akafukiza ispand, mbegu za kufukuzia kijicho, hata paka akahama nyumba. Kilio kikasonga mbele.

"Tumbo tu hilo," akatangaza. "Baba yake alilia hivi hivi, leo anamaliza sinia la pilau."

Ndipo Gulrafta, mkwewe, akanena taratibu: "Mama, cha njaa nakijua, cha usingizi nakijua. Hiki sikijui. Na uliniahidi."

Kweli alimwahidi, siku ya kujifungua: mama mtu akisema hakijui kilio, hawatangoja, watampeleka mtoto zahanati. Lakini ni yeye pia aliyeuapia mtaa kwamba hakuna jicho la nje litakalomwona mtoto kabla ya arobaini, na jirani Oyshamoh alikuwa amerudishwa mlangoni na sambusa zake za moto.

Bibi akafungua mikanda, akamviringisha mjukuu katika shali, akatoka na Gulrafta mchana kweupe. Oyshamoh alikuwa akifagia.

"Arobaini ya kwenu imewahi, shoga?"

"Fagia, Oyshamoh. Halafu utuombee dua."

Zahanatini daktari akavua kila kitu, hata soksi. Lo! Unywele mmoja wa Gulrafta ulikuwa umekizingira na kukikaba kidole cha mguu, nacho kimevimba, chekundu kama cheri. Mmefanya vyema kuja, akasema. Mngengoja hadi jioni, huenda kingeharibika. Kimkasi kikapita, unywele ukakatika, na baada ya kwikwi chache kilio kikasalimu amri.

Bibi Savriniso alirudi kwa njia ile ile, shali wazi, akapita polepole mbele ya kila jicho alilolifukuza, na kwa Oyshamoh akasimama ili jirani amwone mtoto. Hivyo ndivyo kiapo kikuu kilivyoanguka hadharani, ahadi ndogo ikasimama, na kidole kidogo kuliko punje ya zabibu kikabaki na mwenyewe.