Mgonjwa Asiye na Kidonda

Jumanne, 3 Juni

Nimerudi nyumbani Nyakato. Mishipa ya mguu wa kulia, ile iliyovimba na kujisokota kwa sababu ya kusimama miaka yote nikinyoa vichwa vya watu, imechomwa kwa leza. Kwisha kazi! Nimeingia natembea, nimetoka natembea. Daktari Akinyi kaagiza nivae soksi ndefu ya kubana mpaka pajani, nitembee kila siku, nisishinde nimelala. Kigimbi kikivimba na kuuma, nisisubiri miadi ya Jumatatu, niwahi hospitali, maana damu inaweza kuganda. Nikaitikia yote kwa heshima. Halafu nikauliza kidonda kiko wapi. Akanionyesha kitobo karibu na goti, kimefunikwa na kiplasta. Hicho tu! Nimesikitika sana.

Jumatano, 4 Juni

Nieleze kwa nini nimesikitika. Mwaka jana jirani yangu Ndalahwa alipasuliwa ngiri. Mtaa mzima ulikwenda kumwona! Mayai, mananasi, kuku. Mimi mwenyewe nilipeleka samaki, sato mzima ambaye mpaka leo roho inaniuma. Kila mgeni akiingia, Ndalahwa anafunua shuka, anaonyesha mshono. Sasa zamu yangu imefika, na mshono sina.

Leo kaja Mzee Venant, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa. Nikamwamkia. Kanikuta uani natembea kama nilivyoagizwa. Akauliza mgonjwa yuko wapi. Nikasema ni mimi. Akacheka, akasema soksi zile anavaa golikipa. Akaondoka na papai lake! Nimeliona kwa macho yangu likitoka getini.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepata akili. Soksi nimeivua, iko chini ya godoro. Mguu nimeupaka jivii, ile dawa ya zambarau, kuanzia kifundo mpaka gotini. Juu yake bandeji, nimeikaza barabara ili ionekane ya kazi. Nikajilaza sebuleni, mguu juu ya mto. Mzuri ajabu!

Mke wangu Rebeka kurudi kutoka sokoni Mkuyuni, akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Akasema daktari aliagiza soksi na kutembea, hakuagiza maigizo. Nikamwambia auze dagaa zake, ugonjwa aniachie mwenyewe. Akaingia jikoni, akabamiza mlango.

Ijumaa, 6 Juni

Mavuno! Habari za bandeji zimeenea, jumuiya nzima imekuja. Dorcas wa kwaya kaleta jogoo. Mzee Venant karudisha papai, kaongeza na nanasi, kaomba radhi. Wakaniombea kwa muda mrefu. Nikawa naguna kila sala ilipofika kituo.

Ndalahwa naye kaja na sato mkubwa kuliko yule wangu, ili watu waone. Halafu akaanza kusimulia ngiri yake upya! Mgonjwa ni mimi! Nikaguna kwa nguvu mpaka akanyamaza.

Mguu unauma kidogo. Si mbaya, unasaidia kuguna.

Jumamosi, 7 Juni

Mayu wane, mama yangu wee! Nimeamka unyayo umevimba kama andazi. Vidole vizito. Kigimbi kinauma kweli. Nikakumbuka maneno ya daktari. Damu imeganda! Nikamwita Rebeka. Akanijibu kutoka jikoni kwamba wageni bado, nipumzishe sauti. Nikalia. Alipoona machozi akatoka mbio kwa Ndalahwa.

Ndalahwa kaacha chai mezani, kaacha na duka lake wazi. Akanibeba mgongoni, yeye mwenye ngiri, akanipakia kwenye kigari chake cha mizigo, kirikuu. Honi njia nzima. Nimemshika mkono Rebeka, nawaza binti yetu Favour atakua bila baba. Niliogopa, sina haja ya kuficha. Nimemwahidi Mungu vitu vingi sana.

Daktari Akinyi kafungua bandeji, akaona mguu wa zambarau, akaruka nyuma na kuita wenzake. Ikabidi Rebeka aeleze. Yote! Mbele ya Ndalahwa! Jivii, mto, papai, mpaka kuguna.

Daktari akanilaza kitandani. Akaupima mguu kwa utrasaundi, polepole, kutoka pajani kushuka chini. Mwisho akasema mshipa umejifunga vizuri, damu haijaganda popote, kilichovimbisha mguu ni bandeji yangu mwenyewe. Asante Mungu! Asante! Nikalia tena. Rebeka naye akalia, kisha akanichapa kofi la mgongo. Ndalahwa alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Jumapili, 8 Juni

Ndalahwa ni mtu mbaya. Baada ya misa kasimama, katangaza kwamba mimi, Luhaga, nimepona kwa maombi yao na leo nawakaribisha kwangu kwa shukrani. Aliyeombewa akapona lazima ashukuru, nani hajui? Wakaja wote. Jogoo, sato, papai, nanasi, kila kitu kimerudi matumboni mwa waliokileta. Nimehudumia mwenyewe, soksi mpaka pajani, maana Rebeka kasema daktari anataka nitembee. Kichwa cha sato kala Ndalahwa.

Lakini mguu mwepesi! Nimebeba sahani naimba.

Jumatatu, 9 Juni

Miadi. Daktari karidhika kabisa. Uvimbe umekwisha, niendelee na soksi, niendelee kutembea, zambarau itatoka yenyewe. Nimefurahi kuliko siku niliyooa, na Rebeka nimemwambia hivyo, vibaya sana nimefanya. Nimepita kwa Ndalahwa kumshukuru. Nilimshukuru kwa moyo wote.

Kabla ya kutoka hospitali nilimwomba daktari auangalie na mguu wa kushoto. Kumbe nao una mshipa uliovimba! Utachomwa mwezi ujao. Njia nzima nimetafakari kosa langu liko wapi, na nimeliona. Bandeji inabana. Ilitakiwa hogo, lile gumu jeupe la waliovunjika, tena liwe pana ili mguu upumue. Nimeshamuulizia fundi wa kulifunga, yuko Nyegezi.