Mwanafunzi Wako Ametumalizia Foleni

Chiayi, mtaa wa nyuma ya soko

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Tiba ya Viungo,

Natumaini u mzima na mgongo haukusumbui. Mimi ni Liao Hsiu-chin, miaka sabini na tatu, mtengeneza tambi mstaafu. Naandika kwa masikitiko kumhusu mwanafunzi wako, Kuo Pei-shan, aliyeletwa kwa mafunzo ya vitendo katika zahanati yetu mwezi wa tatu.

Mikono ya binti haina kosa. Kosa ni lenu, mliomfundisha uongozi na utawala.

1. Kabla hajaja, sisi wagonjwa tulikuwa tukifika saa kumi na mbili asubuhi na kungoja mpaka saa tatu. Kwenye benchi la kungojea tulimenya mapera, tukajua nani kafiwa na nani kagombana na mkwewe. Wiki ya pili binti akaja na daftari, akampa kila mgonjwa saa yake. Siku hizi nangoja dakika nne. Hata pera halijaisha kumenywa, naitwa.

2. Bibi Tu Yueh-o, mwenzangu wa benchi kwa miaka tisa, kapangiwa Ijumaa. Mimi Jumanne. Nikamwendea binti. "Mwanangu, sisi huwa tunaumwa pamoja."

"Bibi, yeye ni goti, wewe ni bega. Vifaa ni tofauti."

"Basi niandikie goti."

Akalishika goti langu, akalikunja, akalikunjua, watu wote wanatazama. "Hili zima kabisa, bibi." Sijawahi kuaibishwa namna ile.

3. Kwa kukosa habari za uhakika za benchi, nilimpelekea mzee Chuang, mgonjwa mwenzetu, maua meupe ya msiba wa mkewe. Aliyenifungulia mlango ni mkewe. Aliyapokea, akauliza kama nitakunywa chai. Sikunywa.

4. Baya kuliko yote, bega limepona. Binti alibandika ratiba ya mazoezi kwenye friji yangu, na kila jioni akapiga simu kuuliza nimefikia wapi. Nilidanganya siku mbili. Siku ya tatu akaomba kuongea na mke wa mwanangu. Sasa mkono unafika kabati la juu, daktari kalifunga faili langu, na asubuhi nakaa jikoni peke yangu na mapera mawili.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, somo hilo la uongozi na utawala lifutwe. Wanafunzi wafundishwe kuchelewa, kupoteza mafaili na kunywa chai ndefu, kama waliowatangulia. Ikishindikana, idara itume mtu mwenye cheti anitegue goti, kidogo tu, kiasi cha kupangiwa Ijumaa pamoja na Bibi Tu.

Wasalimie walimu, wafagizi, na mama yako kama yupo.

Mimi niliyeponywa bila ridhaa,
Liao Hsiu-chin

N.B. Barua hii nimeileta mwenyewe. Nje ya mlango wako nimekuta watu kumi na mmoja, karani hayupo, na hakuna anayejua zamu ni ya nani. Nimekaa nusu saa, uvumilivu umeniishia. Mtu mzima hawezi kupotezewa muda hivi. Nimempigia simu Pei-shan aje awapange.