Ombi la Kuifuta Koni Kitabuni

Kwa Ndugu Mhariri wa Kitabu cha Hisabati,

Natumaini hujambo, na rula zako hazijambo. Nina siri ambayo sijamwambia mtu yeyote: naiogopa koni. Darasani sinyooshi mkono, na siku nikiunyoosha wote hudhani naomba ruhusa ya kwenda msalani. Ndiyo maana nakuandikia.

Sisi ni watu wa bati. Karakana iko mbele ya nyumba. Babu ndiye mpimaji: hupigilia msumari, hufunga kamba, mwisho wa kamba huweka chaki, kisha huzungusha tao. Baba hukata na kukunja. Mwoka mikate alituagiza kofia sita za mabomba yake ya moshi, za umbo la koni, kimo sentimita arobaini. Jana Baba alipanda nazo paani. Ya kwanza ikatumbukia ndani ya bomba. Ya pili aliivisha kwa uangalifu zaidi; nayo ikatumbukia kwa uangalifu. Mwoka mikate akapiga kelele kutoka chini: "Fundi, niliomba kofia, umeniletea vizibo!"

Leo mchana Baba alimwambia Babu, "Mzee wangu, macho yamechoka. Pumzika. Jioni nitaichukua kamba." Babu aliizungusha kamba kiganjani, akaja kuitundika nyuma ya mlango wa chumba hiki ninachoandikia. Mzee wa watu hata chai hakunywa.

Malalamiko yangu dhidi ya koni ni haya:

1. Ina vimo viwili. Kimoja kimesimama wima katikati, hewani, mahali pasipo na bati hata chembe. Kingine kinateremka ubavuni, na ndicho kirefu. Huo ni ukigeugeu. Jirani yetu ana maneno mawili kwa kila jambo, lakini hata yeye ana kimo kimoja.

2. Ili uipate, unamega kipande cha duara, unakitupa, kilichobaki unakikunja, kinasimama. Nani mwingine hupunguziwa akainuka? Mimi nikipunguziwa alama hukaa chini.

3. Koni ya kitabuni haina mkunjo wa kuungia. Imejifunga yenyewe kwa nia njema. Ya kwetu hudai upana wa kidole kila upande, nyundo ya mbao, na mara nyingine kidole chenyewe.

4. Nimeisoma kwa lugha mbili, ya shuleni na ya nyumbani, na nimeikosea kwa ufasaha katika zote.

Kwa hiyo naomba koni ifutwe. Faneli zikusanywe, watu wamimine mafuta ya taa kwa kukadiria na dua. Kipaza sauti cha mwalimu mkuu kiwe cha mraba. Penseli zisichongwe. Wenye pua zilizochongoka wapewe miezi sita ya kujirekebisha. Shangazi nimeshamwonya, kimoyomoyo. Koni ikifutwa itakuwa haijawahi kuwepo; kama haijawahi kuwepo, hakuna aliyeikosea; na kama hakuna aliyeikosea, Babu abaki na kamba yake. Nakusihi ulitekeleze hili kabla ya jioni.

Nisalimie wote ofisini, hasa wachoraji wa pembetatu, ambao sina ugomvi nao.

Ni mimi, kwa heshima na woga,
Mjukuu wa Fundi Bati

Tanbihi: Nimefungua tena ukurasa wako wa themanini. Umeandika wazi kwamba tao hupimwa kwa ubavu unaoteremka. Nilikuwa nimebandika ratiba ya vipindi juu yake. Siku ile ya kuchora kofia za mwoka mikate, Babu alipokwenda kunawa, niliipima kamba yake, nikakuta hamsini, na oda inasema arobaini. Niliona haya kumwambia mtu mzima kwamba amekosea. Basi nikafuta matao yake yote sita, nikachora yangu ya arobaini, nikapangusa chaki kwenye sketi; ndiyo maana kofia zilitoka ndogo. Kamba ilikuwa sahihi. Macho ya Babu hayana neno.

Barua hii nimekuwa nikiisukumia chini ya godoro kila nikisikia ndara. Sasa nasikia za Baba, zimefika mlangoni. Siifichi. Usipoipata, Ndugu Mhariri, usiilaumu posta: nampa Baba aisome kabla hajagusa kamba.