Winifred Oldroyd na Kiti cha Mbaruti

Jongeeni, enyi mliokaa vitini bila kushukuru, mtege masikio, nami niwasimulie vita vilivyopiganwa huko Yorkshire, katika nyumba ya mawe ya marehemu Hester Garforth, mtunzi wa riwaya nene zilizochapwa kwa jina la mwanamume, kwa kuwa wachapaji wa zama zile waliamini kalamu hushikwa kwa ndevu. Ewe uliyeliumba goti, ukijua fika litakuja kutusaliti, nipe pumzi niyaseme haya.

Ilikuwa siku ya kuwaenzi wanawake waliotunga riwaya katika karne ya kumi na tisa. Sebule ilifurika kina mama waliovaa kofia za kufungia kidevuni, wote wima, maana kila kiti kilikuwa kimewekewa ua kavu la mbaruti, miiba juu, kama ilivyo desturi ya nyumba zilizogeuzwa makumbusho, mgeni asije akaikalia historia. Na pembeni, ubavuni mwa kiti cha Hester mwenyewe, alisimama Winifred Oldroyd, Mlinzi wa Sebule, Simba Jike wa Zulia Lisilokanyagwa, mjane wa miaka sabini na ushei, ambaye magoti yake yalikwisha kutangaza uasi tangu asubuhi.

Kigoda cha walinzi kilikuwapo. Lakini Dakta Lionel Pickersgill, rais wa chama cha wapenzi wa Hester, alikiomba kwa ajili ya mgongo wake, kisha akasimama kuhutubia na kuiketisha kofia yake juu ya kigoda hicho.

"Wanawake hawa," akanguruma Dakta, "waliandika bila chumba, bila meza, bila hata pa kukaa! Nani aliwahurumia?"

"Mimi nakihurumia kigoda changu," Winifred akamnong'oneza Enid Sugden, mlinzi mwenzake. "Kofia inastarehe kuliko mimi."

"Vumilia, mpenzi. Anamaliza."

"Anamaliza nini? Ndiyo kwanza Hester kazaliwa. Hata ubatizo bado."

"Basi usikitazame hicho kiti. Mwenzetu Beryl walimvua beji ya ulinzi kwa kuegemea tu."

Hapo Winifred akanywea. Tangu mumewe afariki, beji ile ndiyo iliyomtoa nyumbani kila Alhamisi, na aliipenda kuliko alivyothubutu kumwambia mtu. Ila magoti hayana adabu. Akanyoosha mkono wa ushujaa, akaling'oa ua la mbaruti juu ya kiti cha Hester, na kwa kuwa sheria inasema mbaruti hukaa mahali pasipokaliwa na mtu, akaliweka kwa heshima zote kwenye kigoda, chini ya ukingo wa kofia. Kisha akageuka, akajishusha taratibu, jeshi zima la mifupa likiteremka kwa zamu. Kiti kikalia. Winifred akafumba macho kwa raha.

"Na Hester, mabibi," Dakta akasema, "alipoandika, aliketi hivi!"

Akainua kofia, akaketi.

Wanahistoria hawajaafikiana juu ya ukelele ule, ila kondoo wa bonde la pili waliinua vichwa. Karatasi za hotuba zikatapakaa, na Dakta aliporudiwa na kauli, akamwona.

"Bi Oldroyd. Umekalia kiti cha Hester."

"Nimekalia, Daktari."

"Na ua hili?"

"Nimeliweka kwenye kiti kisichokaliwa. Ndiyo sheria yenu. Kofia sikuihesabu."

"Nipe beji."

Mkono wa Winifred ukapanda kifuani, ukaanza kufungua pini. Ndipo Enid Sugden, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuvuka barabara kabla ya taa kumruhusu, akaliendea kochi la baba yake Hester, akaondoa mbaruti, akaketi katikati.

"Enid!" Dakta akasema.

"Miguu, Daktari. Tunayo na sisi."

Mama mmoja akacheka, akatafuta kiti. Akafuata mwingine, na mwingine, magauni yakivuma, wengine wakibanana wawili wawili, mpaka nyumba nzima ya Hester Garforth ikawa imekaliwa, na Dakta peke yake amesimama katikati ya zulia, ua la mbaruti mkononi.

"Endelea tu na hotuba," Winifred akamwambia kwa upole. "Ulifika pale walipokosa pa kukaa."

Na iandikwe katika tarehe za Yorkshire, wajukuu wasomewe: siku ile Winifred Oldroyd aliketi, akavua kiatu cha kushoto, na beji yake ilikuwa bado kifuani.