Mto Orvette Unaanzia Kwetu

Jumatatu, 10 Juni

Ghislain, huna haya! Nimekupa binti yangu. Nimekupa shamba la chini. Nimezunguka Vernelay nzima nikiwaamuru watu wakuchague uwe meya. Leo unaniambia mbele ya muuza mikate eti mto Orvette huenda hauanzii kwetu! "Huenda, Mama." Huenda! Nilikuwa na mkate mrefu mkononi, kidogo tu nikutandike nao.

Habari yenyewe ni hii. Wakubwa wa mkoani wanachora ramani mpya, na wanataka mto uwe na chanzo kimoja. Palipo chanzo, watasimamisha kibao kikubwa barabarani. Sisi tuna chemchemi ya Mtakatifu Odila, chini ya kanisa. Wale wa Tressignon, huko bondeni, wana pango lao la vyura, na wanasema chemchemi yetu si chemchemi, ni maji ya paa la kanisa. Tressignon! Watu wasioona jua tangu Novemba hadi Machi! Watu waliowaonyesha askari Waprusi, wale Wajerumani wa zamani, njia ya kuja kutuchukulia ng'ombe!

Ufunguo wa geti la chemchemi ninao mimi. Kabla yangu alikuwa nao mama, na kabla yake bibi. Wakati wa Mapinduzi ya kumwondoa mfalme, walipokuja kufunga makanisa, bibi mmoja wa ukoo wetu aliuficha ndani ya donge la siagi. Watu hutoka mbali kuja kuosha macho pale, na wote hubisha hodi kwangu kwanza. Kama chanzo si chetu, mimi ni nani? Kikongwe mwenye ufunguo wa dimbwi.

Jumanne, 11 Juni

Msomi wa jiografia kafika. Nilitegemea mzee mwenye kitambi. Ni msichana! Bi Aurianne, buti hadi magotini, anakupa mkono badala ya shavu la kubusu. Anasema mlima wetu wote ni chokaa, umetobokatoboka kama jibini. Mvua inazama kwenye mashimo ya juu, inatembea gizani, inatokea inakotaka yenyewe. Kwa hiyo atamwaga rangi ya kijani shimoni, halafu atazunguka kuangalia inatokea wapi. Nikamwuliza kama huko kumwaga rangi kunasomewa. Akasema kasomea miaka minane. Minane! Mimi nilitoka shule nikiwa na miaka kumi na mbili, na rangi najua kumwaga.

Chemchemi yetu iko juu kuliko pango lao. Kwa hiyo, kasema, likipatikana shimo moja tu ambalo maji yake yanatokea kwetu, basi ni chemchemi ya kweli na chanzo ni sisi. Lisipopatikana, ni maji ya paa. Kesho anaanza na Shimo la Mbwamwitu, kule juu kwenye malisho.

Mdogo wangu Mathurine kapiga simu. Huyu aliolewa Tressignon, kwa kukosa akili, na ana mgahawa mlangoni pa pango. Eti, "Dada Léocadie, nimeshaagiza vikombe vyenye picha ya pango, nikuwekee kimoja?" Nikamkatia simu. Nikampigia tena, ili nimkatie tena.

Alhamisi, 13 Juni

Rangi ilimwagwa jana. Leo asubuhi nikaenda na ufunguo wangu: maji meupe! Nikangoja. Meupe! Mtakatifu Odila ni mzee, mzee anasaidiwa. Nikabeba sharubati ya nanaa, chupa zote za kabatini kwangu na zile za sherehe ya watoto wa kipaimara. Nikazimimina. Kijani kibichi, kizuri, kuliko hata cha serikali. Nikapiga kelele kijiji kizima kikaja.

Bi Aurianne akachovya kidole. Akakilamba. Akakilamba! Akasema, "Bibi, hii ni nanaa." Nikamwambia mlima wetu una nanaa nyingi ya porini. Akaniuliza kama ina sukari pia. Nikamwambia udongo wetu ni mzuri.

Ndipo walipofika nyigu. Sijawahi kuona nyigu wengi vile! Padri, aliyekuja kuchota maji ya ubatizo, alikimbia huku ameipandisha kanzu hadi magotini kama msichana anayevuka mto. Na Ghislain yuko pembeni anacheka. Meya!

Kabla sijaketi, simu. Mathurine. Pango lao limekuwa kijani kama mchicha. Shimo la Mbwamwitu linatokea kwao! Anaimba kabisa, yule mwanamke.

Ijumaa, 14 Juni

Bi Aurianne anafunga mizigo. Nikamzuia mlangoni. Nikamwambia kuna shimo hajaliona, nyuma ya ghala langu, juu kabisa ya kanisa, mteremko mmoja tu.

Ghislain akabadilika rangi. Akanivuta kando. Mama, si shimo lile. Nikamwuliza lina nini. Akasema, "Mama, unajua lina nini."

Basi najua! Kila mtu anajua! Ni shimo zuri kuliko yote. Babu yangu alitupa humo kondoo waliokufa na ugonjwa. Baba alitupa pikipiki ya Mjerumani, na mwenye pikipiki hatuulizi. Maji ya jibini yanaingia humo tangu tulipoanza kutengeneza jibini. Jiko bovu, paka, gari la watoto. Ghislain mwenyewe, alipojijengea choo cha ndani cha vigae vya bluu, bomba lake kalielekeza humo. Na halijai! Kitu kikiingia hakionekani tena milele. Hiyo ndiyo kazi ya shimo. Nikamwambia anyamaze, leo tunaokoa kijiji.

Bi Aurianne alichungulia, akaziba pua, akasema ng'ombe wetu lazima wana afya. Kisha akamwaga. Nikafanya ishara ya msalaba.

Jumapili, 16 Juni

KIJANI!

Tulikuwa tunatoka misani. Mwanakwaya mmoja kapiga ukelele. Chemchemi inang'aa kijani kama macho ya paka! Si nanaa. Nililamba mwenyewe. Bi Aurianne alitia kijimashine chake majini, akainua kichwa, akasema, "Hongera, Bibi. Chanzo ni chenu."

Mama Maria! Nilivuta kengele hadi kamba ikanichuna viganja. Nikampigia Mathurine nikamwambia avijaze vikombe vyake vyura. Nikaleta glasi za nyumbani, za harusi yangu. Msichana yule kasema rangi haidhuru, basi nikachotea kila mtu. Padri kanywa. Kwaya yote imenywa. Mimi nimekunywa tatu, nikaosha na macho.

Ndipo Bi Aurianne akauliza, taratibu, huku anaandika: Bibi, lile shimo nyuma ya ghala, huwa mnatupa nini humo?

Glasi zikateremka moja moja.

Mmoja akasema: kondoo. Mwingine, polepole: pikipiki. Mtu wa tatu akamgeukia Ghislain, na Ghislain akaanza kukagua viatu vyake. Padri akauliza, kwa sauti nyembamba sana, bomba la kile choo cha vigae vya bluu linakwenda wapi.

Sikujua padri anaweza kutema mate mbali vile!

Mungu wangu. Mungu wangu! Nimebatizwa humo! Nimepikia supu maisha yangu yote humo! Na watu walikuwa wakisema yana ladha, hayafanani na maji mengine, nami nilikuwa nikijibu kwamba huo ni utakatifu!

Jumatano, 19 Juni

Watu wa afya wamekuja na mnyororo na kufuli jipya. Ufunguo wangu haufungui kitu. Nimeujaribu. Nimejaribu tena walipoondoka. Haufungui.

Kibao nacho kimefika. Juu: CHANZO CHA ORVETTE. Chini, kwa rangi nyekundu: maji haya hayafai kunywa. Ghislain analia kwa aibu. Mwanamume mzima! Nimemwonyesha kwamba maandishi ya juu ni makubwa zaidi.

Mathurine kapiga simu. Hawezi hata kuzungumza kwa kucheka. Eti sasa watu wanateremka kwake kujaza chupa, maji safi ya pangoni, na wakiuliza habari za Vernelay anawaambia dada yake ndiye anayeujaza mto, kila asubuhi, baada ya kahawa.

Nimekaa nikafikiri vizuri. Aibu hii imetupata kwa nini? Bi Aurianne kaeleza, padri kaeleza, watu wa afya wamenipa hadi karatasi yenye michoro. Nimewaelewa wote. Kosa letu ni moja: tulitumia shimo baya! Shimo la Mbwamwitu liko pale pale juu, limekaa bure, na msomi aliyesomea miaka minane kathibitisha linatokea wapi.

Ghislain! Acha kulia. Nenda kanunue bomba refu, lifike hadi kwenye malisho, na uanze kuchimba mtaro leo hii. Na yule kondoo aliyekufa jana usimzike. Mpakie kwenye toroli.