Jeupe au la Bluu: Gari la Mikate la Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi anataka gari la kusambazia mikate. Lililotumika, bei ya wastani. Yamebaki mawili: jeupe na la bluu. Atakayeendesha ataacha kukanda unga. Mimi nimekanda miaka sita. Binamu naye anautaka usukani. Tatizo dogo: jeupe ni la gia za mkono, na mimi na klachi hatuelewani. La bluu ni otomatiki. Basi ni la bluu. Shangazi kaniagiza niyalinganishe kwa maandishi. Kaniamini mimi. Maskini.

Jumanne, 4 Machi
Nimepima yote. Jeupe: injini lita mbili na nusu, dizeli, linabeba tani moja. La bluu: lita moja na nusu, petroli, kilo mia saba. Jeupe linashinda kila mahali. Aibu. Nikaongeza vipengele. Vishikio vya vikombe: la bluu vinne, jeupe hakuna. Kioo cha dereva kujitazamia. Taa ya ndani. Kufikia jioni, la bluu kumi na mbili, jeupe saba.

Jumatano, 5 Machi
Binamu kaliona jedwali. Akauliza vikombe vinne vya nini, mikate itakunywa chai njiani? Akamwambia Shangazi kwamba mimi gia zinanishinda. Nilikana. Nikaongeza kipengele cha ishirini kwa wino mwekundu: urahisi. La bluu hata mtu asiyewahi kushika usukani atalimudu.

Ijumaa, 7 Machi
Limenunuliwa la bluu! Shangazi alisoma mstari kwa mstari, miwani puani. Akakisifu hasa kile cha ishirini. Binamu akarudi kwenye unga. Nikampigia mluzi.

Jumatatu, 14 Aprili
Shangazi kapata leseni. Kumbe alikuwa akienda shule ya udereva kila alasiri. Ataendesha mwenyewe. Akasema, mwanangu, miaka yote niliogopa magari, maandishi yako ndiyo yaliyonipa moyo. Binamu alicheka mpaka akakaa juu ya gunia.

Jumanne, 15 Aprili
Nimetafakari kosa langu. Jedwali lilikuwa fupi. Safari hii nitajaza kurasa tatu. Shangazi anatafuta mashine ya kukandia unga, na zipo mbili kuukuu sokoni. Moja lazima mtu aisimamie. Nyingine inapima, inakanda na kujizima yenyewe, haihitaji mtu kabisa. Hiyo ndiyo nitakayoipigia debe.